Wewe ni Mtu Gani? Habari za Maneno ya Dini na Asili Mjini Dar es Salaam

Mtu aketiye barazani Kariakoo wakati wa jioni, magari yakipita na wauzaji wakifunga mizigo yao, hakosi kusikia swali hili likiulizwa: «Wewe ni mtu gani?» Swali ni fupi, na mara nyingi aulizaye hana nia mbaya, ataka tu kujua azungumze vipi na mwenziwe. Lakini majibu ni mengi. Mtu yule yule akiulizwa na mwenye nyumba hutaja kabila lake. Akiulizwa na sheikh au padre atakayemwozesha hutaja dini yake. Akiulizwa na karani hutaja wilaya aliyozaliwa. Na akiulizwa na mgeni wa ng'ambo husema yeye ni Mtanzania. Majibu yote hayo ni ya kweli, wala hakuna hata moja lililo sawa na jingine.

Katika mazungumzo yetu ya leo tumekusudia kuyatazama baadhi ya maneno ambayo watu wa mji huu wameyatumia kujibu swali hilo: muungwana, mshenzi, mstaarabu, Mswahili, mtu wa dini, na Mwafrika. Tumeyachagua kwa sababu yamo vinywani mwetu kila siku, nasi twadhani twayajua. Tena watu wamepata na kukosa mambo makubwa kwa ajili yake: uhuru, kiwanja, mchele, mke, na hata mahali pa kuzikwa. Mwisho wa safari tutafika kwenye neno moja la saba, nalo tumeliweka akiba.

Kwanza yatupasa kuujua mji wenyewe. Dar es Salaam si mji wa kale kama Kilwa au Lamu. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga kando ya bandari, karibu na kijiji cha Mzizima. Wakati huo Washomvi walikaa pwani, na Wazaramo walikaa nyuma yao kuelekea bara. Majid alikufa mwaka 1870, na kazi yake ikasimama. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuja mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya mji huu kuwa makao makuu ya serikali yao badala ya Bagamoyo. Wakaja askari wa Kisudani na wa Kizulu, wachukuzi wa Kinyamwezi, Wamanyema kutoka Kongo, Wahindi, Washihiri, Wangazija, na Wayao. Basi karibu kila mtu alikuwa mgeni, na mji wenye wageni wengi una haja kubwa ya maneno ya kuwapanga watu.

Hata jina la Kariakoo ni jina la wageni. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya kikosi cha wachukuzi wa vita. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, nalo jina likageuzwa na ndimi za watu hata likawa Kariakoo. Wachukuzi wale walitoka makabila mengi, na wengi mno walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Leo mama anayekwenda sokoni kununua vitunguu hawakumbuki. Neno limebaki, na maana yake ya kwanza imezikwa pamoja na watu wake. Hivyo ndivyo yalivyo maneno, nasi tulikumbuke jambo hili tunapoendelea.

Na tuanze na neno muungwana. Leo tukisema, «Yule bwana ni muungwana,» twataka kusema kwamba ana adabu, hasemi ovyo, na akikopa hulipa. Zamani neno hili halikuhusu tabia peke yake. Muungwana alikuwa mtu huru, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Uungwana ulikuwa nasaba: mtu aliweza kuwataja babu zake, na mji ulimjua. Adabu nzuri ilihesabiwa kuwa alama ya hali hiyo, kama vazi lilivyo alama ya cheo.

Lakini tazama jinsi neno lilivyosafiri. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikafika Manyema katika Kongo ya mashariki. Wengi wa waliochukua mizigo na bunduki katika misafara ile walikuwa watumwa, au watoto wa watumwa. Pwani hawakuitwa waungwana kamwe. Walipofika bara, wamevaa nguo nyeupe, wakisema Kiswahili na kumwomba Mungu kwa Kiarabu, wakajiita waungwana, na watu wa huko wakawaita hivyo hivyo. Hata Henry Morton Stanley katika vitabu vyake aliwaita wachukuzi wake wa pwani kwa jina hilo. Na katika Kongo lugha yao ikaitwa Kingwana. Basi mtu mmoja aliweza kuwa mtumwa Bagamoyo na muungwana Kasongo, wala asibadili chochote ila njia aliyopita.

Hatuwacheki watu wale. Walilichukua neno walilonyimwa, wakalivaa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwavua. Na watu wa Manyema waliochukuliwa pwani, wengine wakiwa mateka, nao walifanya vivyo hivyo katika mji wetu. Wakajenga nyumba Kariakoo, wakapangisha vyumba, wakajenga na msikiti unaoitwa kwa jina lao hata leo. Wengi waliingia katika tarika ya Qadiriyya, ambayo Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alikuwa miongoni mwa walioieneza pwani hii. Katika zikri mtoto wa mtumwa aliweza kusimama bega kwa bega na mtoto wa mwenye shamba. Kwa mtu ambaye jana aliambiwa hana ukoo, jambo hilo halikuwa dogo.

Chini ya Wadachi utumwa haukukomeshwa mara moja. Waliweka amri tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuukomesha kabisa katika Tanganyika ilitolewa na Waingereza mwaka 1922. Tangu hapo muungwana akakosa kinyume chake cha kisheria. Neno likabaki bila adui, likageuka kuwa sifa ya tabia. Wala tusidhani kwamba kila mtu alisahau siku ile ile. Kwa miaka mingi baadaye, mchumba alipokuja kuposa, wazee walinong'ona wakiulizana babu yake alikuwa mtu wa nani. Sheria iliondoa utumwa kwa siku moja; mnong'ono uliishi zaidi.

Sasa tulitazame neno mshenzi pamoja na mwenziwe, mstaarabu, maana maneno haya ni kama mizani, moja halipandi ila jingine lishuke. Kwa watu wa pwani wa zamani mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiyekaa mjini wala kuwa na dini ya kitabu. Halikuwa tusi la hasira kama lilivyo leo, bali dharau iliyotulia, iliyotajwa kama mtu atajavyo hali ya hewa. Na jambo la kuangaliwa ni hili: ushenzi ulianza daima kwa jirani. Mtu wa Unguja aliweza kuuona kwa mtu wa Mrima; mtu wa Mrima kwa Mzaramo wa ndani; na Mzaramo aliyekwisha kukaa mjini miaka mitatu kwa binamu yake aliyewasili jana kutoka Kisarawe. Hapakuwa na mtu aliyesema, «Mimi ni mshenzi.» Ni neno lisilo na mwenyewe.

Ustaarabu nao una asili katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuwa kama Mwarabu. Zamani watu wa pwani walipotaka kusifu maisha mema ya mji walisema uungwana. Katika karne ya 19, masultani wa Omani walipokuwa wamekwisha kuweka enzi yao Unguja, ndipo neno ustaarabu lilipopata nguvu. Kipimo cha mtu mwema kikahama kutoka mji wake kwenda kwa mtawala wake. Hata hivyo neno halikukaa mikononi mwa Waarabu. Serikali ya Waingereza ilipoanza kutoa gazeti la kila mwezi, Mambo Leo, mwaka 1923, ustaarabu ukawa ni kusoma shule, kuweka akiba, kunywa maji safi, na kulima kwa bidii. Hapana Mwarabu katika mambo hayo. Wenye kuandika barua kwa magazeti nao wakabishana: je, mtu akivaa suruali amestaarabika, au amewaiga wengine tu? Je, Waafrika hawakuwa na ustaarabu wao wenyewe? Hayo hayakuwa mabishano ya sarufi. Walikuwa wakiuliza ni nani mwenye haki ya kushika mizani.

Leo mstaarabu ni mtu anayesimama katika mstari bila kusukumana. Ni maana njema, nasi twaipenda. Lakini kila tumwitapo mwenzetu mshenzi kwa hasira, twaitumia mizani ile ile ya zamani, ijapokuwa hatukumbuki ni nani aliyeitengeneza.

Tumefika kwa neno lenye shida kuliko yote, nalo ni Mswahili. Katika Kariakoo uko mtaa uitwao Mtaa wa Swahili, na karibu yake uko Mtaa wa Nyamwezi. Mtu angedhani kwamba Waswahili ni kabila kama Wanyamwezi. Lakini ukitafuta mtu mtaani aseme, «Kabila langu ni Mswahili,» utatembea sana. Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, lina maana ya watu wa pwani. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil. Ni jina walilopewa watu na wapitao kwa jahazi. Wenyewe walijiita kwa miji yao: Mwamu, Mvita, Mshomvi, Mmafia.

Tumtazame mtu mmoja ambaye habari zake zajulikana. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa upande wa Bagamoyo, na kwa ukoo alikuwa wa Wazaramo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 Carl Velten akakichapa kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu kubwa ni kazi ya kalamu ya Mtoro. Basi huyu Mzaramo ndiye aliyewaeleza walimwengu Mswahili ni nani, wala hakuna aliyemwambia kwamba hana haki. Alisoma, alisali, alisema lugha kwa ufasaha, ilitosha. Mlango wa Uswahili ulikuwa wazi, na mtu wa bara aliweza kuingia. Lakini uko mlango mwingine uliofungwa. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kidachi, na mwaka 1905 aliporudi pamoja naye, serikali ilikataa bibi huyo asishuke hapa Dar es Salaam. Wakarejea Ulaya, na Mtoro akafa Berlin mwaka 1927. Kwa Waswahili alikuwa mwalimu. Kwa serikali hakuwa ila mtu mweusi aliyevuka mpaka.

Baadaye Waingereza walipotaka kutawala kwa njia ya wakubwa wa makabila, chini ya Gavana Donald Cameron na sheria yake ya mwaka 1926, kila mtu alitakiwa awe na kabila na mkubwa wake. Hapo Mswahili akawa taabu kwa karani. Hana kabila, hana mkubwa, hana nchi yake ya bara. Neno ambalo zamani lilimaanisha mtu aliyeingia mjini likaanza kumaanisha mtu asiyejulikana atokako. Watu hawakukawia kuifahamu hatari hiyo. Kule Unguja, katika hesabu ya watu ya mwaka 1924, watu zaidi ya 30,000 walijiandikisha kuwa Waswahili. Katika hesabu ya mwaka 1931 hawakufika 3,000. Watu hawakufa, wala hawakuhama. Walijiita Washirazi, au kwa jina jingine lenye heshima zaidi. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilipogawanywa Unguja kwa kufuata asili, mchele ukawaendea walioandikwa Waarabu na Waasia, na Waafrika wakaambiwa wale mahindi, kila mtu akaona wazi kwamba jina katika daftari ni kitu cha kuingia chunguni.

Katika mji wetu serikali ilipanga mitaa kwa kanuni za majenzi. Kanuni hizo zilitaja namna za nyumba, si rangi za watu: eneo la kwanza, la pili, na la tatu. Lakini watu hawakudanganyika. Walisema Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Hapa maneno ya barazani yalikuwa ya kweli kuliko maneno ya ofisini. Uswahilini halikuwa jina la nchi ya kabila, bali jina la mahali ambapo watu wote waliobaki walipatiwa kiwanja.

Ndiyo sababu neno hili leo lina nyuso nyingi. Katika Rwanda na Burundi mtu akisema Waswahili aghalabu ana maana ya Waislamu. Katika Dar es Salaam tukisema, «Acha Uswahili,» twamwambia mtu aache hila na maneno mengi. Tukisema, «Anakaa Uswahilini,» twataja nyumba zilizobanana. Na mtu huyo huyo anayetukana Uswahili asubuhi, jioni hujivunia Kiswahili chake mbele ya wageni. Lugha ameipenda, jina la wenye lugha amelikataa. Twadhani jambo hili lastahili kutuaibisha kidogo, maana wale walioitwa kwa jina hilo ndio waliotupa kitu ambacho twakipenda kuliko vyote tulivyo navyo kwa pamoja.

Na sasa tuje kwenye neno dini. Mtu akiulizwa, «Una dini?» haulizwi kama anaamini. Anaulizwa ni Mwislamu au Mkristo. Zamani Mzaramo aliyekuja mjini aliweza kujibu kwa upole, «Sina dini.» Lakini mtu huyo alikuwa na mizimu ya wazee wake, alikuwa na matambiko, na ukame ulipozidi watu wa kwao walipeleka sadaka hata Kolelo, katika milima ya Uluguru. Hakuwa mtu asiye na ibada. Ila ibada yake haikuwamo katika neno. Dini ilikuwa jina la njia iliyo na kitabu. Na wenye vitabu, wa msikiti na wa kanisa, ijapokuwa walishindana katika mambo mengine, walikubaliana katika jambo hilo moja, kwamba mwenye mizimu hana kitu.

Kwa hiyo, mtu wa bara alipoingia Kariakoo, kusilimu kulikuwa na maana nyingi kwa pamoja. Kulikuwa ni kumkiri Mungu, nasi hatumpimi mtu moyo wake. Tena kulikuwa ni kupata jina jipya, kualikwa maulidini, kula pamoja na majirani, na kuacha kuitwa mshenzi. Na kulikuwa ni kupata wazikaji. Fikirini kijana aliyeacha jamaa zake mwendo wa siku kumi. Akifa usiku chumbani, ni nani atakayemwosha? Ni nani atakayenunua sanda, na nani atakayelichukua jeneza? Watu wa msikiti waliifanya kazi hiyo. Wakristo nao walikuwa na watu wa kanisa. Na katika miaka ya 1930 vyama vya makabila, kama kile cha Wazaramo, vilianzishwa mjini, na kuzikana na kusaidiana katika taabu kulikuwa miongoni mwa kazi za vyama vya namna hiyo. Basi mtu alipouliza, «Wewe dini gani, kabila gani?» nyuma ya swali lake palikuwa na swali jingine lisilosemwa: «Ukifa, tumwite nani?»

Lugha yenyewe yatuonyesha jinsi majirani walivyokaa karibu na kujitenga kwa wakati mmoja. Mwislamu wa Dar es Salaam huswali, na Mkristo husali. Asili ni neno moja la Kiarabu. Wameligawa kama ndugu wawili wagawanavyo kiwanja, kila mmoja na mlango wake. Neno kanisa lenyewe ni la Kiarabu, kama msikiti. Na jina Mungu walilishika wote wawili, nalo ni la Kibantu, la tangu kabla ya vitabu kuja. Yule Mzaramo aliyesema hana dini, ndiye aliyekuwa na jina hilo nyumbani kwake.

Neno la sita ni Mwafrika. Mwaka 1929 watu wachache wa mji huu walianzisha African Association, yaani Chama cha Waafrika, ambacho nyumba yake ilijengwa Kariakoo, katika mtaa ambao sasa waitwa Lumumba. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, na katibu wake alikuwa Kleist Sykes. Mtazameni huyu Kleist. Baba yake alitoka Msumbiji, akaja na askari wa Wadachi, akahesabiwa Mzulu. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1894, akapigana upande wa Wadachi katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi chini ya Waingereza. Alikuwa Mwislamu, na mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Je, mtu huyu angejibu nini barazani? Kabila la baba yake lilikuwa mbali. Mwenyeji wa Mzizima hakuwa. Neno Mwafrika lilimfaa kwa kuwa halikumwuliza babu yake alizikwa wapi. Wala hakuona vibaya kuwa katika chama cha Waafrika na chama cha Waislamu pamoja, ijapokuwa baadaye walikuwako waliogombana wakiuliza ni kipi kitangulie.

Katika nyumba ile ile ya chama, tarehe 7 Julai 1954, ikazaliwa TANU. Neno Mwafrika, ambalo lilikuwa limefungua mlango kwa mtoto wa mgeni, sasa likaanza kuwa mlango kwa wengine. Kwa miaka kadhaa asiyekuwa Mwafrika hakuweza kuwa mwanachama. Hata mwezi wa Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, sheria ya uraia ikaletwa barazani, na wajumbe wengine wakataka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Julius Nyerere alikataa kwa ukali, na sheria ikapita kwa msingi usiofuata rangi. Mwaka 1963 TANU nayo ikawafungulia mlango watu wa asili zote. Tangu hapo yakasikika zaidi maneno mengine: mwananchi, na ndugu. Na raia, ambaye zamani alikuwa mtu aliye chini ya Sultani, akawa mtu mwenye kura. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na dini ya mtu. Daftari likanyamaza, baraza halikunyamaza.

Mabibi na Mabwana, tumeyapitia maneno sita, na twaona yana desturi moja. Hakuna neno kati ya hayo linaloeleweka peke yake. Muungwana alieleweka kwa mtumwa, mstaarabu kwa mshenzi, Mswahili kwa mtu wa bara na kwa daftari la karani, mwenye dini kwa mwenye mizimu, Mwafrika kwa Mzungu na Mhindi. Kinyume chake kilipobadilika, neno nalo lilibadilika. Kwa hiyo mtu akitaka kujua maana ya neno la namna hii, kamusi haitamtosha. Na aulize mambo matatu: ni nani asemaye, anamwambia nani, na kuna kitu gani kati yao ambacho mmoja atakipata na mwingine atakikosa. Mara nyingi atakuta kiwanja, au mchele, au mchumba, au kaburi. Neno lile lile lililokuwa mlango kwa baba laweza kuwa komeo kwa mtoto, na wanaoligeuza ni watu kama sisi.

Tulisema tumeweka neno la saba akiba. Neno hilo ni imani. Vitabuni imani ni kumwamini Mungu na kuyashika mafundisho. Lakini sikilizeni jinsi mama wa Kariakoo alitumiavyo. Akimwona mtu ampigaye mtoto bila huruma, husema, «Huyu hana imani.» Hasemi kwamba mtu yule hasali, pengine husali kila siku. Asema kwamba hana huruma. Naye mpangaji akisamehewa kodi ya mwezi kwa sababu ya ugonjwa husema mwenye nyumba ana imani, wala haulizi ni ya msikiti au ya kanisa. Katika maneno yote ya dini tuliyoyataja, hili peke yake, kwa maana yake ya barazani, halimpimi mtu kwa ukoo wake, wala kwa jina lake, wala kwa pwani na bara. Humpima kwa jinsi amtendavyo aliye dhaifu kuliko yeye.

Mwaka 1948 mji huu ulikuwa na watu 69,000 na kidogo. Mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5. Kila siku mabasi yashusha kijana mwingine, amebeba mfuko mmoja, na jioni mtu atamwuliza, «Wewe ni mtu gani?» Hatusemi swali liachwe, maana mtu asiyeulizwa kitu mjini ni mtu aliyesahauliwa. Twasema tu kwamba aulizaye na akumbuke kuwa karibu kila mmoja wetu, yeye au babu yake, aliwahi kusimama mahali pale pale akitafuta jibu la kumfungulia mlango.